Sophy haikujifunza yenyewe, ilipangiwa pointi

Kuna voisi noti inazunguka kwenye grupu letu wiki hii, ya mtu mzima kabisa, sauti ya mamlaka, anasema kompyuta imejifunza YENYEWE kuendesha gari kwenye gemu, hakuna mtu aliyeifundisha, ikampiga bingwa wa dunia, kwahiyo vijana jiandaeni. Watu wakamwaga emoji za kulia. Mmoja akaandika "hizi ni dalili". Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora nihamishie hasira huku.

Anaongelea Gran Turismo Sophy, programu ya kompyuta ya Sony inayoendesha gari kwenye Gran Turismo, gemu yao ya mbio za magari. Wala siyo habari mpya, Sony AI walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Nature mwezi wa pili 2022 na mbio zenyewe zilipigwa 2021, ila si mnajua tena voisi noti za kufowadi zinavyosafiri.

Na kupigwa, mabingwa walipigwa kweli, hapo sibishi. Takuma Miyazono, yule Mjapani aliyebeba mataji matatu ya Gran Turismo mwaka 2020, alikuwepo na akala kichapo yeye na wenzake. Mi ugomvi wangu ni hiyo "yenyewe".

Hebu tuangalie ilivyokuwa. Sophy wanaipa gari, inaamua usukani na inaamua mafuta au breki, mara 10 kwa sekunde, gia hata haigusi. Halafu inatupwa barabarani haijui kitu. Mwanzoni inaendesha kama mlevi, inapiga ukuta, inazunguka, inaishia kwenye nyasi. Sasa kila kinachotokea kinaandikiwa pointi. Umesogea mbele kwenye barabara, pointi. Umetoka nje ya barabara, unakatwa, na ukitoka kwa spidi kubwa unakatwa zaidi, spidi ikiwa mara mbili makato yanakuwa mara nne, ili usije ukajifanya mjanja wa kukata kona. Umegusa ukuta, makato. Tairi zinateleza, makato. Umempita mtu, pointi, umepitwa, zinarudi walikozitoa. Umegongana na mtu, makato, na ukimgonga kwa nyuma kuna makato yake ya peke yake.

Hiyo orodha nani kaiandika? Mvua imeileta? Ni watu. Watu wana vikao, wana mishahara, wanabishana makato ya kugonga kwa nyuma yawe kiasi gani, wanajaribu, wanaona gari limekuwa jambazi, wanarudi mezani. Kila tabia unayoiona kwenye uendeshaji wake ukiifuatilia unakuta namba ambayo kuna binadamu alikaa akaichagua. Halafu mtu anashika simu anasema hakuna aliyeifundisha, jamani!

Kwa wenzangu wa Dar hili wala halihitaji shule. Dereva wa daladala anakabidhiwa gari asubuhi, jioni tajiri anataka hesabu. Hesabu haiulizi kama ulisimama kwenye zebra, haiulizi yule mama uliyemshusha katikati ya barabara kafika salama, inauliza imetimia au haijatimia. Basi tunakaa kwenye siti tunamtukana dereva kwamba hana adabu, kumbe adabu haikuwekewa hata shilingi. Mfundishe huyo dereva udereva mpaka atoke jasho, umpe na cheti, kama hesabu ni ileile kesho utamkuta anapita pembeni kwenye vumbi, taa zimewashwa, konda ananing'inia mlangoni. Aliyemfundisha kuendesha vile ni nani kama siyo aliyepanga hesabu?

Na kompyuta ni mbaya zaidi ya dereva, maana dereva angalau ana watoto nyumbani, anaogopa kufa. Kompyuta haina cha kuogopa, ina pointi tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kampuni ya OpenAI, Desemba 2016. Walichukua gemu ya mbio za boti inaitwa CoastRunners, wakaiacha programu ijifunze kucheza. Wewe na mimi tukiona mbio tunajua kazi ni kumaliza wa kwanza. Ila gemu ile pointi zake hazikutokana na kumaliza, zilitokana na kugonga vile vitu vilivyopangwa njiani. Boti ikafanya nini? Ikatafuta kidimbwi kimoja pembeni, kuna vitu vitatu vya kugonga ambavyo ukishavigonga vinarudi tena, ikaanza kuzunguka humohumo. Inagonga, inazunguka, vinarudi, inagonga tena. Inawaka moto, inagongana na boti za wenzake, inaelekea kinyume cha mbio, haina habari. Wenzake wanamalizana na mbio huko, yenyewe iko kidimbwini inaungua. Na ikapata wastani wa pointi asilimia 20 juu ya binadamu! Kwenye karatasi ya pointi, ile boti ni bingwa.

Ndo uniambie hapo boti ilikosea nini. Haijakosea kitu, ililipwa kwa kugonga, ikagonga.

Sasa turudi kwa Sophy maana hapa ndo penye utamu na ndo pale wa voisi noti aliparuka. Spidi peke yake haikuwa tatizo kubwa kihivyo. Ndani ya saa chache inaweza kuzunguka barabara, siku moja au mbili inawapita asilimia 95 ya wachezaji waliolinganishwa nao, halafu siku kama tisa hivi au zaidi inakamua vipande vya sekunde vilivyobaki, jumla saa 45,000 za kuendesha, yaani ukae kwenye usukani miaka mitano usilale. Walikuwa na PlayStation 4 zaidi ya 1,000 za kufanyia hiyo kazi. (Banda la gemu la mtaani kwetu lina nne, moja padi yake inavuta kushoto.)

Kazi ngumu ilikuwa kuendesha na watu. Kuwa peke yako barabarani na kupata muda mzuri ni jambo moja, kuingia kona na magari matatu ubavuni ni jambo lingine kabisa, na mbio za magari zina adabu zake ambazo hata hazijaandikwa vizuri, marefa wenyewe wanakaa wanatazama marudio wanabishana nani alikuwa na haki ya ile kona. Sasa hiyo utaiandikaje kwa namba? Ukiweka makato madogo ya kugongana, umetengeneza mhuni anayewasukuma watu nje ya barabara ili apite. Ukiweka makubwa umetengeneza mwoga, mtu akimwonyesha bampa tu anampisha, na mabingwa wakishamjua hivyo kwisha habari yake. Katikati hapo kuna kauwazi kembamba, na hakapatikani mpaka watu wakae wakipapase.

Julai 2021 zikapigwa mbio za timu, Sophy nne na binadamu wanne. Kwenye kukimbiza saa, kila mtu peke yake barabarani, Sophy walikuwa juu. Kwenye mbio za pamoja binadamu wakashinda, pointi 86 kwa 70. Yaani haraka alikuwa yeye na akapigwa! Wakarudi maabara, wakakuza ubongo wake, wakagusagusa pointi, wakabadilisha aina ya wapinzani inaofanya nao mazoezi maana ukizoea kucheza na wapole tu unaharibika, na ukizoea wakorofi tu nayo inakuharibu. Walikuwa pia wanaiweka makusudi kwenye mazingira maalumu, mfano ile barabara ya Le Mans kule Ufaransa, kwenye ule mnyooko mrefu, unajibanza nyuma ya gari la mbele upepo usikupige halafu unachomoka dakika ya mwisho unampita, hiyo haikuokotwa kwa bahati, iliwekewa zoezi lake. Oktoba wakarudiana. 104 kwa 52.

Kati ya Julai na Oktoba hiyo "yenyewe" ilikuwa wapi? Likizo?

Sawa, kuna kitu lazima nikikubali japo sitaki. Kwenye ile barabara ya Dragon Trail ndani ya gemu kuna zile kona mbili zinazofuatana, wachezaji wanaziita za kifo, ukuta uko hapohapo, mimi pale huwa napunguza spidi kama nimeona trafiki. Sophy inapita imeukaribia ukuta mpaka unasubiri cheche. Hakuna aliyeichorea ule mstari. Pointi zilisema "sogea mbele, usiguse", wapi uanze breki na uachie wapi iliumiza kichwa yenyewe. Haya, hapo yenyewe. Nimesema. Na wale wanaolalamika kwamba kompyuta ina macho ya ajabu, haina macho kabisa, haioni skrini, inapewa namba za barabara iliyoko mbele na magari yaliyo jirani. Hilo nakubali siyo haki sana.

Na binadamu naye tusimpambe, ukimpa mwanya anafanya kama ile boti. Oktoba 2022 kule Marekani, mbio za magari za NASCAR uwanja wa Martinsville, Ross Chastain yuko nyuma, anahitaji nafasi kadhaa ili aingie fainali, raundi ya mwisho. Akakanyaga mafuta yote, akaliegemeza gari ukutani, akaacha ukuta umzungushie kona, akawapita watu watano. Gari la kweli! Walipomuuliza akasema alikuwa anafanya hivyo utotoni kwenye gemu ya NASCAR 2005. Watoto wa banda la gemu wote tunaijua hiyo, ndo maana nilicheka mpaka nikakohoa. Mwaka uliofuata wakubwa wa NASCAR wakatangaza ukirudia unapewa penati. Hawakumpeleka Chastain kwenye semina ya maadili, walitaja makato. Wanajua wanachofanya wale.



Kinachonisumbua kwa sasa ni kingine. Sophy iliingia Gran Turismo 7 kwa majaribio Februari 2023, Novemba mwaka huohuo ikarudi kukaa moja kwa moja, na kwenye yale majaribio gari lilikuwa linatoa emoji juu ya paa, limefurahi, limenuna. Emoji za nini bana! Maana hapo kazi imeshabadilika, haitakiwi tena kumpiga Miyazono, inatakiwa mimi mteja nifurahie ili nisiizime, na sidhani kama kuna mchezaji anayejua kufurahi kwangu kumepangiwa pointi ngapi. Ya kumpiga bingwa walituchapishia kwenye jarida, mezani, kila mtu asome. Hii ya kunifurahisha mimi naitaka pia. Waweke menyu moja tu kwenye setingi, kugongana kiasi gani, kupita kiasi gani, kumpisha mteja aliyechoka kiasi gani, na mkono wangu ufike hapo. Cha kwanza kugusa ni hicho cha kumpisha mteja, nakiweka sifuri.