Nani Alilikalia Kikao "Chakachua"?

Jamani, tarakilishi iko wapi? Wataalamu wametugandishia tarakimu na akili, neno likatoka limenyooka kama bwana harusi. Nenda Kariakoo kaulizie chaja ya tarakilishi uone utakavyotazamwa. Watu wanasema kompyuta, basi.

Sasa chakachua! Hilo lilivumia kwenye mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, eti kwa ajili ya vibatari vya wanyonge. Wajanja wakayamimina kwenye dizeli na kuuza yote kwa bei ya dizeli. Lori linakohoa, mlima haliupandi. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiinywesha mafuta ya taa, mepesi mno yale, vyuma vinasagana vikavu. Fundi anafungua nozeli, ananusa, anatikisa kichwa: "Bosi, umeuziwa yaliyochakachuliwa." Hapo neno umeshalilipia, hulisahau tena.

Uchaguzi wa 2010 likatoka sheli likaingia kwenye masanduku ya kura. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo ukose faida. Wa kibatari akaumia, neno likanenepa. Leo maziwa yamechakachuliwa, asali imechakachuliwa, hata umri wa mchezaji wa timu ya vijana umechakachuliwa, na ndevu zote zile!

Tena linanyumbulika: mchakachuaji, uchakachuaji, wamechakachuliana. Bipu nalo lilikuja na simu, likakubali kila kiambishi: kanibipu, nimebipiwa, wanabipiana tangu asubuhi na vocha hanunui mtu. Dereva naye kasikia "ki" kwenye kiplefti, "keep left" ya Kiingereza, akajua ni mwenzake kiti, akapata viplefti viwili. Hakuomba kibali. Mwingine kasikia "ma" kwenye madigadi, "mudguard" ya Kiingereza, akaona ni wingi. Likivunjika moja anadai digadi lake.

Msinielewe vibaya, wa vikao nao hupata. UKIMWI ni herufi za upungufu wa kinga mwilini, na nani anakumbuka kuwa ni kifupisho? Kishikwambi, yaani tableti, kilionekana kichekesho, mpaka makarani wa sensa ya 2022 walipopiga hodi nacho mkononi, kisha walimu wakagawiwa. Siku hizi kikiibwa, mwalimu anakwenda kituoni kutoa taarifa, na askari anaandika "kishikwambi kimoja" bila kuuliza ni mdudu gani.