Barabara Kuu Inapohama, Mji Unaachiwa Nini?

Katikati ya jiji la Albuquerque, New Mexico, kuna njiapanda ambapo Barabara ya 66 inakatana na yenyewe. Mtaa wa Fourth unakwenda kaskazini na kusini, Central Avenue inakwenda mashariki na magharibi, na kila mmoja kwa zamu yake ulibeba namba ya njia kuu iliyounganisha Chicago na Los Angeles. Kabla ya 1937 msafiri aliteremka kutoka Santa Fe akaingia mjini kwa Fourth. Mwaka huo njia ikanyooshwa, naye akaanza kuingia kwa Central. Wenye maduka wa Fourth walijikuta pembeni ya barabara waliyoitegemea, ilhali wao hawakuhama hata hatua moja.

Kisa cha namna hii kimejirudia Marekani kwa zaidi ya miaka 100, na kila mara maswali ni yale yale. Njia kuu ipite mjini au iukwepe mji? Ikiukwepa, ile ya zamani iwe nini: ibaki na namba yake, ipewe jina la njia mbadala, au ifutwe kwenye ramani? Mimi naona kuhamisha barabara mara nyingi kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuihamisha huku wenye mji wakiwa nje ya mlango, kisha kuwaachia lami isiyo na jina wala njia ya kuifikia.

Tuanze na chimbuko. Kabla ya namba, barabara za Marekani zilikuwa na majina, na zilisimamiwa na vyama vya watu binafsi vilivyotafuta fedha na wanachama kwenye miji ya njiani. Lincoln Highway ilipotangazwa mwaka 1913, Colorado ililalamika kuachwa, ikapewa tawi lililozungukia Denver. Mwaka 1915 tawi hilo likaondolewa. Waanzilishi wa Dixie Highway, kutoka Michigan hadi Florida, walikuta miji mingi ikiigombania njia hata wakaamua kuchora mistari miwili, wa mashariki na wa magharibi. Kwa hiyo mstari wa pili ulizaliwa kwenye usuluhishi. Wahandisi na vipimo vyao walikuja baadaye.

Namba rasmi ziliidhinishwa tarehe 11 Novemba 1926 na jumuiya ya maofisa wa barabara wa majimbo, AASHO. Ugomvi haukuisha, ulihamia kwenye herufi: E ya mashariki na W ya magharibi. Kati ya Louisville na Nashville palikuwa na 31E, inayopita Bardstown na karibu na alikozaliwa Abraham Lincoln, na 31W, inayopita Elizabethtown na Bowling Green. Ipi ndiyo 31 yenyewe? Hakuna aliyetaka kujibu, maana jibu lingeumiza nusu ya wapiga kura. Hata ile 66 nusura ianze hivyo. Gavana William J. Fields wa Kentucky aliitaka kwa jimbo lake namba 60, iliyokuwa imekusudiwa njia ya Chicago hadi Los Angeles, na pendekezo mojawapo la kupatanisha lilikuwa kuigawa iwe 60 Kaskazini na 60 Mashariki. Halikukubalika. Mwishowe watu wa Missouri na Oklahoma wakachukua 66, namba iliyokuwa haina mwenyewe.

Mwaka 1934 AASHO ilianza kuzipunguza herufi hizo. Kanuni iliyojengeka ni rahisi: njia iliyo fupi au iliyojengwa vizuri zaidi ipewe namba kamili, na nyingine, kama bado inahitajika kubeba magari, iitwe mbadala. Sipati kasoro katika kanuni hiyo ikiwa inafuatwa yote. Tatizo ni kwamba sehemu yake ya kwanza hutekelezwa kwa sherehe, na ya pili hutegemea nani ana sauti.

Lakini upande wa wahandisi usikilizwe kwanza, kwa sababu wanaoomboleza barabara za zamani mara nyingi hawakuziendesha zilipokuwa na kazi. Karibu na Miami, Oklahoma, kulikuwa na kipande cha 66 chenye upana wa futi 9 tu. Magari mawili yakikutana, kila moja lilitoa magurudumu ya upande mmoja nje ya lami. Kusini mwa Santa Fe kulikuwa na mteremko wa La Bajada, kona juu ya kona kwenye ukuta wa mawe. Na huko Arizona, kabla ya kufika Oatman, barabara ilipanda milima kwa ukali kiasi kwamba magari ya wakati ule, ambayo mafuta yalishuka yenyewe kutoka tangi hadi injini, yalipandishwa kinyumenyume. Sehemu kadhaa za 66 wenyeji waliziita 66 ya Damu. Anayesema barabara hizo zisingeguswa aeleze pia watu wangapi wangeendelea kufia humo.

Kunyoosha kwa New Mexico nako kuna somo lisilotarajiwa. Gavana Arthur Hannett alishindwa uchaguzi wa 1926, akawalaumu wanasiasa wa Santa Fe. Katika wiki zake za mwisho madarakani aliamuru ijengwe barabara ya moja kwa moja kutoka Santa Rosa kuelekea magharibi, iuache mji mkuu kando kabisa. Vikundi vya wajenzi vilifanya kazi majira ya baridi, kilometa kama 110 za nyika. Ilibidi kusubiri hadi 1937 ndipo mstari huo ukabeba namba 66 rasmi, na safari ya kuvuka jimbo ikapungua kwa kilometa 170 hivi. Uamuzi ulitokana na kinyongo, na bado ulikuwa sahihi kwa dereva. Nao Santa Fe haukufa. Ulikuwa makao makuu ya jimbo, una wasanii, una historia yake ya karne nyingi, una sababu ya mtu kupinda kona na kwenda huko.

Hapo ndipo naona hoja ya wahandisi inaanza kupungukiwa. Wao huhesabu dakika zinazookolewa na kila gari, na hesabu hiyo ni ya kweli. Ila hasara ya mji hutegemea kama una kitu kingine cha kuuweka hai. Oatman ulikuwa mji wa dhahabu, na migodi yake mikubwa ilikuwa imeshafungwa miaka ya 1940. Kilichobaki kilikuwa msafara wa magari. Mwaka 1952 njia kuu ikahamishiwa bondeni kupitia Yucca, na mji ukabaki karibu mtupu, punda waliotokana na wale wa wachimbaji wakirandaranda mitaani. Kilometa zile zile zikiondolewa Santa Fe ni kikwazo cha biashara. Zikiondolewa Oatman ni kufunga nyumba.

Linganisha na Joliet, Illinois. Mwaka 1940 namba 66 ilihamishiwa magharibi, kupitia Plainfield, ili malori na wasafiri wa mbali wasikwame katikati ya mji wa viwanda. Joliet haukufutwa: njia yake ilibandikwa alama ya 66 Mbadala, na mtu aliyekuwa na shughuli mjini aliweza kuifuata namba aliyoijua hadi atakapoungana na njia kuu upande wa pili. Maryland nako, barabara ya kale inayopita Middletown na Boonsboro, kati ya Frederick na Hagerstown, bado inaitwa 40 Mbadala, ijapokuwa magari mengi yalishahamia 40 mpya na baadaye I-70, barabara ya kasi (herufi I huashiria barabara hizo). Haya ni mabango tu, bati na nguzo. Hata hivyo bango lina kazi. Linamwambia mgeni kwamba akiacha njia kuu hapotei, na linaikumbusha serikali kuwa barabara ile bado iko kwenye daftari lake.

Wapinzani wa njia mbadala wana hoja mbili, na zote ni nzito. Kwanza, namba moja kwenye njia mbili humchanganya dereva, hasa usiku. Pili, kila kilometa inayobaki kwenye orodha ya jimbo inadai lami na madaraja, na fedha haitoshi njia mbili. Hoja ya kwanza naikubali kwa mijini, ambako St. Louis ilikuwa na 66 ya Mjini, 66 ya mchepuo na nyinginezo ndani ya miaka michache. Ya pili naikubali nusu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na barabara ya zamani ndiyo mbachao: siku njia mpya inapofungwa kwa ajali au mafuriko, magari yote hurudi kule kule kulikosahauliwa.

Kisha ikaja sheria ya barabara za kasi ya 1956, na hapo mambo yakawa makali zaidi, kwa kuwa barabara ya kasi haina njiapanda. Unaingia na kutoka pale tu walipojenga mlango. Tarehe 22 Septemba 1978 magari yalihamia I-40 na kuiacha Seligman, Arizona. Kutoka hapo 66 ya zamani ilizungukia kaskazini kupitia Peach Springs, makao makuu ya taifa la Wahualapai, Waamerika wa asili, ilhali I-40 ilikata moja kwa moja kuelekea Kingman. Peach Springs ikawa mbali na njia kuu kwa makumi ya kilometa. Williams, jimbo hilo hilo, ulikuwa wa mwisho kukwepwa, tarehe 13 Oktoba 1984. Wenyeji wake walipinga, wakakubali tu baada ya jimbo kuahidi milango mitatu ya kuingilia mjini. Tofauti kati ya Williams na Peach Springs sioni kama ilitokana na uhandisi. Williams uliingia kwenye mazungumzo ukiwa na kitu cha kudai.

Namba 66 ilifutwa rasmi Juni 1985. Mwaka 1987 kinyozi wa Seligman, Angel Delgadillo, na wenzake walianzisha chama cha kuitetea, na mwaka huo huo Arizona ikaitambua kama barabara ya kihistoria. Watalii walirudi. Nafurahi walirudi, ingawa naona uchungu kwamba jina ambalo ofisi ingeweza kuliacha pale pale kwa gharama ya mabango, ilibidi kinyozi alidai.

Hapa lazima niongeze jambo ambalo masimulizi matamu ya 66 hulirukaruka. Si kila msafiri alikaribishwa kwenye ile miji. Kuanzia 1936 Victor Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, New York, alichapisha mwongozo wa kuwaonyesha Wamarekani Weusi wapi wangeweza kulala na kula bila kufukuzwa au kudhuriwa, kwa sababu ipo miji ambayo Mweusi hakutakiwa kuonekana jua likizama. Karibu na Luther, Oklahoma, familia ya Threatt, Weusi, walikuwa na kituo chao cha mafuta kando ya 66. Kwa msafiri Mweusi kituo kama hicho kilikuwa adimu na cha thamani. Kwake, barabara inayovuka jimbo bila kusimama mjini haikuwa msiba.

Na wakati miji midogo ililia kwa kukwepwa, mitaa ya Weusi mijini ililia kwa kupitwa katikati. Greenwood, Tulsa, uliochomwa na magenge ya Wazungu mwaka 1921 na kujengwa upya na wakazi wenyewe, ulikatwa na I-244. Overtown ya Miami ilikatwa na I-95, Rondo ya St. Paul na I-94. Hawa wangeshukuru mchepuo. Hakuna aliyewauliza, kama hakuna aliyewauliza Peach Springs.

Ndiyo maana naiangalia Syracuse, New York, kwa makini. I-81 inapita juu ya jiji hilo kwenye nguzo, iliyojengwa kwa kubomoa sehemu ya mtaa wa Weusi uliojulikana kama Kata ya 15. Sasa barabara hiyo ya juu inaondolewa. Namba 81 inahamishiwa I-481, inayozunguka mashariki mwa jiji, na kipande cha mjini kitakuwa njia ya biashara ya 81, barabara ya kawaida yenye taa na vivuko. Watu wa Salina, kitongoji cha kaskazini chenye hoteli zilizojengwa kandokando ya njia kuu, walipinga mpango huo hadi mahakamani. Hofu yao ni ile ya Seligman, na si ya kupuuzwa: wao pia walijenga palipokuwa na namba. Tofauti ni kwamba safari hii hoja zao zilisikilizwa hadharani kabla ya bango la kwanza kung'olewa, pamoja na za wale walioishi miaka yote chini ya kivuli cha nguzo zile. Ujenzi ulianza 2023. Ukikamilika, ngao nyekundu na buluu ya 81 itakuwa upande wa mashariki, na mjini itabaki ile ya kijani ambayo Wamarekani huiwekea njia za biashara.