Dimorphos haikunaswa njiani

Makala nzuri, ila pale mwandishi anaposema Dimorphos, mwezi mdogo unaoizunguka asteroidi Didymos (asteroidi ni jiwe la angani linalozunguka jua), ilikuwa ikipita zake ikanaswa na Didymos, hapana. Kwa asteroidi pacha ndogo kama hizi, yaani moja huizunguka nyingine, maelezo yanayokubalika zaidi ya mwezi ulivyotokea ni mwanga wa jua. Jiwe lenye umbo la hovyo hupokea mwanga na kutoa joto bila ulinganifu, na msukumo huo mdogo mno, ukiendelea kwa muda mrefu sana, huliongezea kasi ya kujizungusha. Didymos inaaminika kuwa rundo la mawe na changarawe, si mwamba mmoja, na hujizungusha kila baada ya saa 2 na dakika 16 hivi! Kasi ikizidi, vifusi huchomoka kwenye ikweta, vikakusanyika pembeni kuwa mwezi. Tazama picha za DART, chombo cha NASA kilichoigonga Dimorphos, za Septemba 2022: Dimorphos ni mawe matupu.