Asilimia tatu ya nini? Kenya na Tanzania mbele ya sarafu za kidijitali

Chukua kijana wa Langoni, hapa Lamu, mwenye mjomba Tanga. Wote wawili walinunua sarafu za kidijitali, kama Bitcoin, za shilingi 120,000, kila mmoja kwa shilingi ya kwao. Bei ikaanguka, wakauza kwa 100,000. Wamepoteza 20,000 kila mmoja.

Mjomba anakatwa 3,000 zaidi. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2024 ilileta kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla fedha hazijamfikia muuzaji, ya asilimia 3 ya malipo ya mauzo, na anayekata ni mwenye jukwaa la mtandaoni zinakouzwa sarafu hizo. Haiulizi kama umepata au umekosa. Kwangu hilo ni dhuluma, sawa na kumtoza mvuvi kwa uzito wa samaki bila kujali mafuta yaliyoteketea baharini.

Kenya nayo ilipita njia hiyo hiyo. Septemba 2023 ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani, kisha Julai 2025 ikaifuta na kuweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada ambayo kampuni ya sarafu hizi inamtoza mteja. Kampuni ikidai ada ya 1,000, ushuru ni 100. Kijana wetu anapumua.

Lakini nisiwaonee watoza kodi wa Tanzania. Kukata asilimia ya mauzo ni rahisi, hakuhitaji mtu atunze kumbukumbu za bei aliyonunulia, na wengi wetu hatuzitunzi. Ushuru wa Kenya nao hauigusi faida: aliyevuna milioni na aliyepata hasara wakilipa ada sawa, ushuru wao ni sawa.

Linalonivutia zaidi upande wa Kenya si kodi. Ni sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025, inayotaka kampuni za sarafu hizi ziwe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania ilianzia mbali zaidi: Novemba 2019 Benki Kuu yake ilitangaza kwamba biashara hii inakiuka kanuni za fedha za kigeni, na miaka mitano baadaye kodi ikaja. Kumtoza mtu kwa jambo ulilomkataza, kabla ya kumpa sheria ya kumlinda, ni kuanzia mkiani.

Hata hivyo leseni inamfaa anayepitia kampuni. Wanaouziana mkono kwa mkono, sarafu huku na M-Pesa huku, hawana ada ya kutozwa wala ofisi ya kushtakia wakitapeliwa.