Mashine Imekabwa, Tunateseka Sisi

Jamani, hivi aliyesema mashine ya kufulia inapunguza kazi, ya kwake ilishawahi kukabwa? Maji yamejaa ndani, pampu inanguruma lakini haitoi kitu, na mlango haufunguki ng'o, maana hizi za mlango wa mbele zikiwa na maji tumboni hazifungui hata uzibembeleze. Shuka zangu ziko mahabusu. Kwenye kioo inaniandikia herufi na namba. Si useme tu umekabwa!

Shemeji kaja na kikombe mkononi, kaegemea ukuta. "Umechomoa umeme?" Nimechomoa, shemeji. "Basi huo mkanda." Mkanda na maji wapi na wapi? Lakini shemeji ni shemeji. Tukavua bati la nyuma: mkanda mzima, umekaza vizuri. "Hebu vua na juu." Nikavua. Mnajua kuna nini mle? Zege! Bonge la zege limefungwa kwa bolti juu ya pipa, eti mashine isirukeruke inapokamua nguo kwa mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika. Miaka yote nikihama nyumba mgongo unalia, najua nimebeba teknolojia, kumbe nimebeba ujenzi.

Nikarudi kwenye chujio la pampu, nilikotaka kuanzia. Hilo wamelificha chini kabisa kwenye kona, nyuma ya kijifuniko. Aliyelibuni alijua fika ukilifungua maji yatamwagika, bado akaliweka mahali ambapo beseni haliingii. Unachomeka trei ya kuokea, unalegeza kidogo, trei inajaa, unakaza, unamwaga, unarudi, umelala kifudifudi, maji ya sabuni yanapanda na mkono wa shati mpaka kwapani. Shemeji kashika tochi. Anamulika ukuta.

Chujio likatoka na ndevu za nyuzi, kibanio cha nywele, waya wa sidiria uliojikunja, na sarafu. Nikaingiza kidole kwenye kipangaboi cha pampu, kikazunguka. Nikarudisha kila kitu, nikachomeka umeme, maji yakatoka yote, mlango ukalia ta! Shuka huru.

Nikauliza: sarafu hii ya nani? Nyumba nzima kimya. Kibanio? Kimya. Sidiria ndiyo kabisa, hata kutazamana hawatazamani. Haya, nikaitia sarafu mfukoni.

Shemeji akakohoa. "Hiyo nadhani ni ya kwangu."