Mjamzito Kuondoka Bila Kupimwa: Ni Woga Wake au Ni Kliniki?

Mjamzito akifika chumba cha kujifungulia bila majibu ya VVU, kaswende wala homa ya ini B, watu husema hana elimu, au aliogopa. Kuna ukweli ndani yake. Anayejiona mzima haoni haja ya kupimwa. Na hofu ya mwenza ina msingi: mwanamke ndiye hupimwa kwanza, hivyo ndiye hubebeshwa lawama ya kuuleta ugonjwa nyumbani.

Lakini elimu na woga havielezi kwa nini mama aliyekuja kliniki kwa miguu yake aondoke bila kupimwa. Vitendanishi vimeisha, au vipimo hufanyika siku maalumu, au damu inachukuliwa leo na majibu ni wiki ijayo. Kila anapoambiwa arudi, wengine hawarudi. Kipimo cha haraka kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja huhitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa takriban dakika 20. Kikiwa mezani kwa mkunga, safari ya maabara haipo.

Utaratibu wa kumpima kila mjamzito isipokuwa aliyekataa huongeza wanaopimwa, kwa kuwa hakuna anayeonekana kanyooshewa kidole. Wanaoupinga wana hoja nzito: foleni ikiwa ndefu, ridhaa hubaki jina tu, na anayeshtukizwa na majibu huenda asirudi kwa matibabu. Naunga mkono utaratibu huu, mradi mama aelezwe faraghani anapimwa nini, na kwamba akikataa hatanyimwa huduma nyingine.

Suala la mwenza ndilo gumu zaidi. Mume anayekubali kupimwa humpunguzia mkewe mzigo. Kliniki inapofanya kuja kwa mume kuwa sharti, mama asiye na mwenza, au ambaye mwenza wake humpiga, hujificha hadi mimba iwe kubwa. Ucheleweshaji huo una gharama: kwa kaswende, sindano ya benzathini penisilini ya uniti milioni 2.4 inatakiwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Akichomwa wiki ya 38 atafaidika yeye, ila mtoto atahesabiwa kuwa hakukingwa na atahitaji matibabu yake.

Ndiyo maana rejesta inayohesabu waliopimwa pekee inaficha mengi. Iwe na safu ya waliotibiwa siku ileile, na nyingine ya waliorudia kipimo cha VVU miezi mitatu ya mwisho pale maambukizi yalipo mengi.