Kadi Ninayo, Daktari Ndiye Simpati

Goti langu la kushoto lilianza kulia mwezi wa pili, mwaka 2024. Sisemi kuuma, nasema kulia: nikipanda ngazi za shule linatoa sauti kama mlango wa stoo. Kidato cha pili wakawa wananyamaza kabla sijafika darasani. Nidhamu ilipanda, sikatai, lakini goti ni langu.

Nami ni mtu wa bima ya afya, ile ya Taifa, NHIF. Mtumishi wa umma haulizwi. Ilishatungwa sheria mwaka 1999, basi asilimia 3 ya mshahara inaondoka kabla sijaiona, mwajiri naye anatia asilimia 3 zake, na humo tunatibiwa mimi, mama watoto na wategemezi wanne. Miaka 17 nakatwa, na sijawahi kuumwa kitu cha kuzidi mafua. Nikasema safari hii nakwenda kula jasho langu.

Hospitali ya kwanza ni ya binafsi, ya vigae vya kuteleza na samaki wa mapambo kwenye kioo. Mlinzi akanifungulia mlango. "Shikamoo mzee wangu, pole, ni goti hilo?" Dada wa mapokezi akanyanyuka kabisa. "Karibu baba, bingwa wa mifupa yupo, dakika tano tu. Keshi au bima?"

Nikatoa kadi. Jamani! Aliipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari. Akaketi.

"Bingwa ametoka."

"Si yule pale anakunywa chai?"

"Yule anaona wa keshi."

Natoka, mlinzi yuleyule ananitazama kama hatujawahi kuamkiana.

Nikajipa moyo, mji ni mkubwa. Tarehe 1 Machi nikadamka kwenda ya pili, huko Mikocheni, daladala mbili na bodaboda moja. Wanaokumbuka tarehe hiyo wameshaanza kucheka. Ndiyo siku kitita kipya, yaani orodha ya bei ambazo bima inazilipa hospitali, kilipoanza kutumika, na hospitali binafsi kadhaa zikasitisha kuwapokea wenye kadi, zikisema bei hizo haziwalipi. Mlangoni kuna tangazo, gundi bado mbichi. Nililisoma mara mbili, mwalimu nisije nikakosa swali la ufahamu, nikageuza goti langu.

Nyumbani mama watoto alishachemsha mafuta ya karafuu. "Nilikwambia nikuchue, ukasema una kadi." Nikanyamaza. Mtu aliyekatwa kwa miaka 17 hana hoja mbele ya karafuu.

Nikabuni mbinu ya simu: piga kwanza, tembea baadaye. Wa kwanza akasema bima wanapokea, ila daktari wao ni wa watoto. Wa pili akasema wanapokea, ila kwa meno. Nikafikiria kidogo kama kuna jino linaloweza kuingiliana na goti. Wa tatu akaniambia nisubiri, nikasubiri mpaka salio likaisha.

Mwisho nikarudi hospitali ya serikali, ambako ningeanzia kama nisingekuwa na kiburi cha vigae. Huko bima wanaipokea, tatizo ni kwamba wanaipokea kwa watu wote. Nilikaa kwenye benchi tunasogeza makalio saa tatu nzima, mpaka nikafika dirishani.

"Weka kidole."

Nikaweka, taa nyekundu. Kingine, nyekundu. Vyote kumi, nyekundu. Nyuma yangu foleni inaanza kuguna.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Ualimu."

"Ndiyo maana. Chaki imekula alama zote. Pangusa kidole kwenye nywele, kipate mafuta."

Nikavua kofia, akaona mwenyewe kwamba nywele ni habari za zamani. Kijana aliyekuwa nyuma yangu, Mungu ambariki, akainamisha kichwa, kimejaa mafuta ya nazi. "Pangusa hapa, mwalimu." Nikapangusa. Taa ikawaka kijani, foleni nzima ikapiga makofi kama tumefunga goli.

Daktari ni kijana mpole, macho mekundu kwa uchovu. Akalikunja goti, likalia, akalikunjua, likalia tena.

"Mzee, siku hizi umekuwa ukitembea sana?"

Nikamhesabia: Mbagala, Mikocheni, vituo vya daladala, ngazi za ghorofa moja ambayo lifti ilikuwa ya wafanyakazi tu. Hakucheka. Akaandika, huku akisoma kwa sauti: kupumzisha goti, wiki mbili, kutotembea umbali mrefu. Akanipa na fomu.

"Dawa hii kwetu imeisha, utaichukua duka la nje linalopokea bima."

"Liko wapi, daktari?"

"Yapo mengi mzee," akasema, keshamwita mwingine. "Wewe zunguka tu, ulizia ulizia."